Joto la Mei na Juni Maskati: utabiri usomwe kwa usiku wake

Kila mwaka Aprili ikiishia, simu huanza. Ndugu wa Unguja au Pemba, mara nyingine wa Mombasa, anakuja Maskati kuanza kazi au kumtazama shangazi yake, na suali lake ni lilelile: "Huko joto nyuzi ngapi?" Nikimwambia 44 anacheka. "Joto tunalijua sisi bwana."

Nami nilisema hivyohivyo mwaka nilioingia. Ilikuwa wiki ya tatu ya Mei. Mchana nilijificha ndani kama nilivyoambiwa, usiku saa nne nikatoka kwenda Muttrah kupunga upepo baharini. Upepo ulikuja kweli, ila ulitoka mlimani. Niligeuza uso kuupokea kama mtu anavyoupokea upepo Forodhani, nikawa kama niliyeinamia tanuri la mkate wa mofa. Nilirudi nyumbani nikafungua madirisha yote ili nyumba ipoe, kwa mazoea ya kwetu. Asubuhi nilikuwa siwezi kusimama.

Tangu hapo utabiri nausoma kwa njia nyingine. Namba ya mchana ndiyo inayotangazwa na kupigwa picha, lakini inayomlaza mtu ni namba ya usiku, pamoja na upande upepo unakotoka. Mwongozo huu ni wa kuyasoma hayo mawili siku kumi kabla ya wimbi la joto kufika, na kujipanga kwayo.

Hatua ya 1: Jua msimu unaouingia

Unguja jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Maskati iko karibu kabisa na mstari wa Tropiki ya Kansa, kwa hiyo jua huja utosini mara moja tu, karibu na Juni 21. Adhuhuri ya siku hizo kivuli chako unakikanyaga. Ndiyo maana kilele cha joto la mchana hapa ni Mei na Juni. Wageni wengi hudhani ni Agosti.

Kuna jambo la pili, nalo linatuhusu sisi watu wa pwani kuliko yeyote. Upepo wa kusi unaoanza kuvuma kwetu Aprili hauishii Unguja. Huvuka ikweta, hupinda kulia karibu na Somalia, hukimbia juu ya Bahari ya Arabuni na kuifikia Dhofar, mkoa wa kusini mwa Oman, umebeba mvuke. Huko Salalah huitwa khareef, na kwa kalenda huanza Juni 21: manyunyu, ukungu, milima kijani. Majahazi ya wazee yalirudi Uarabuni kwa upepo huohuo. Lakini Maskati iko kaskazini mbali, na nyuma yake imesimama milima ya Hajar. Kabla kusi haijakaza, yaani kati ya katikati ya Mei na mwisho wa Juni, jangwa la Rub' al Khali linakuwa limeshachemka, hewa yake imekuwa nyepesi na mgandamizo umeshuka, na hakuna wingu la kulizuia jua. Hilo ndilo dirisha la mawimbi makali.

Waomani wenyewe hawalii sana. Msimu huu wanauita qaidh, msimu wa tende. Ukiona rutabu za naghal, aina ya tende, zimeingia sokoni, ambazo ni za mwanzo kuiva, jua kwamba joto lililoziivisha liko nawe mlangoni.

Ili usidhani natia chumvi: mwishoni mwa Mei 2017 Qurayyat, mji wa pwani kusini-mashariki ya Maskati, ulifika nyuzi 50.8. Mei 24, 2025 Sweihan, upande wa Emirati, ilipimwa 51.6. Ila rikodi inayonitisha mimi ni ya Juni 26, 2018, tena Qurayyat: saa ishirini na nne nzima joto halikushuka chini ya 42.6. Hiyo 42.6 ndiyo ilikuwa baridi ya siku ile. Unguja mchana mkali wa Februari hucheza kwenye 32 au 33.

Hatua ya 2: Siku kumi kabla, tazama majirani

Utabiri wa siku kumi usiusome kwa namba. Kama programu ya simu inakwambia Jumatano ya wiki ijayo ni 47, hiyo 47 haina maana bado; kilicho na maana ni mwelekeo, kama namba zinapanda siku baada ya siku au zinayumba. Mimi hutazama pande tatu.

Kwanza mashariki, ng'ambo ya bahari: Baluchistan na Sindh za Pakistan. Joto la eneo hili ni la ukoo mmoja. Mei 28, 2017 Turbat, Baluchistan, ilifika 53.7, na siku chache zilezile ndipo Qurayyat nayo ikafika 50.8. Haimaanishi joto linasafiri kama basi kutoka kule kuja huku. Maana yake ni kwamba tandiko moja la hewa ya mgandamizo mkubwa huwa limetanda huko juu angani kwa wote, linaikandamiza hewa chini na kuzuia mawingu.

Pili, Emirati na bara ya Oman, miji kama Ibri, Buraimi na Fahud. Kule hupanda kabla ya pwani. Bara ikikaa 46 kwenda juu siku tatu mfululizo, pwani iko salama kwa sababu moja tu: upepo wa bahari. Siku upepo huo ukizibwa, joto lote lile lina njia ya kushuka kwetu.

Tatu, Bahari ya Arabuni. Mei na Juni pia ni miezi ya vimbunga, na wapo ndugu zetu hapa ambao hadi leo wakisikia neno Juni hukumbuka Gonu ya 2007 kabla ya kukumbuka jua. Kama kuna mgandamizo mdogo unajikusanya baharini, utabiri wote wa joto uweke kando, ungoje siku mbili, kwa sababu pepo za eneo zima hubadilika.

Maonyo rasmi Oman hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo ndani yake ndimo ilimo Kurugenzi Kuu ya Hali ya Hewa. Fuata hao. Ile sauti inayozunguka WhatsApp kila mwaka, ya mtu asiyejitaja akisema kesho ni nyuzi 60 na matairi yatapasuka barabarani, ifute. Imekuwa ikizunguka miaka na matairi yetu tunayo.

Hatua ya 3: Siku tano kabla, chukua karatasi

Hapa ndipo penye kazi. Chora safu tano: juu, chini, upepo, umande, na saa ya upepo wa bahari. Jaza kwa kila siku.

Juu ni joto la mchana. Kumbuka hupimwa kivulini, kipimo kikiwa kimewekwa juu ya ardhi karibu urefu wa mtu, hewa ikipita. Namba inayoonekana kwenye dashibodi ya gari lililosimama juani si joto la mji, ni joto la lami na bonet. Watu huipiga picha wakaituma nyumbani, mama akakosa usingizi bure.

Chini ni joto la usiku, na ndiyo safu ya kuizungushia kalamu nyekundu. Kwa Juni ya Maskati, usiku wa nyuzi 30 au 31 ni wa kawaida. Kanuni yangu ni hii: usiku mmoja wa 33, ni onyo, usiku wa pili mfululizo wa 34 na zaidi, wimbi limeingia, hata kama mchana unasema 42 tu. Mwili hulipa usiku deni la mchana. Usiku usiposhuka, deni linahamia kesho, na kuta za nyumba nazo zina deni lake. Ndiyo maana watu wengi huanguka siku ya tatu au ya nne wakati siku ya kwanza walijiona mashujaa.

Ongeza pia mahali ulipo. Muttrah na Ruwi zimezungukwa na majabali meusi yanayonyonya jua kutwa na kulitema usiku. Utabiri uliopimwa uwanja wa ndege Seeb, kwenye uwazi, kwako wewe wa Ruwi uuongezee kidogo. Amerat iko nyuma ya mlima, upepo wa bahari huifikia umechoka.

Upepo ndio unaokwambia ni joto la aina gani. Na hapa wengi hukosea kusoma: upepo huitwa kwa unakotoka, lakini mshale kwenye programu nyingi huonyesha unakokwenda. Kama huna hakika, tafuta herufi au neno la upande.

Ukiona magharibi au kusini-magharibi, na hasa ukiona hivyo usiku, huyo ni gharbi. Hewa inavuka Hajar na kuteremka upande wa bahari, na hewa kavu ikiteremka hujikaza na kupata moto, takriban nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Fanya hesabu: hewa iliyokuwa 25 kwenye mgongo wa mlima wa mita 2,000, ikifika ufukweni ni 45. Haihitaji jua, saa nane za usiku inaweza kufanya hivyo vizuri kabisa. Qurayyat imebanwa kati ya mlima na bahari, na usiku ule wa 2018 unaelezeka hivi. Tanuri langu la Muttrah pia.

Ukiona kaskazini-mashariki au mashariki, ni upepo wa bahari. Mchana utashuka, labda 36 au 37, na watu watapongezana. Ngoja kwanza usome safu ya nne.

Umande ni kiwango ambacho hewa ikipozwa hadi hapo, maji huanza kutua. Programu nyingi huwa nacho pembeni, karibu na unyevu wa asilimia. Asilimia hupanda na kushuka kutwa kwa sababu joto linabadilika. Kiwango cha umande hakidanganyi. Unguja wakati wa kaskazi tunaishi kwenye 24 au 25. Maskati siku ya gharbi kinaweza kuanguka hadi 10: midomo inapasuka, nguo zinakauka kabla hujashuka kutoka juu ya nyumba. Upepo wa bahari ukirudi, bahari ikiwa nayo imeshapita nyuzi 30, umande huweza kufika 28, 29, 30. Huko kwenye Ghuba kuna mahali paliwahi kupimwa umande wa 35: Dhahran, Saudi Arabia, Julai 8, 2003.

Sasa linganisha. Siku ya 46 yenye umande wa 10, kitambaa kibichi kikipigwa na upepo kivulini hupoa hadi karibu nyuzi 23. Siku ya 36 yenye umande wa 30, kitambaa hichohicho hakishuki chini ya 31. Na mwili wako unapotoka jasho ni kitambaa kibichi. Kwa hiyo siku ya pili, ambayo gazeti litaiita nafuu, kwa mtu anayebeba mifuko ya saruji ni mbaya kuliko ya kwanza. Sisi wa pwani hapa tuna faida ndogo: unyevu hautushangazi. Kinachotushangaza ni ukavu, kwa sababu jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho, usinywe maji.

Kama huna programu inayoonyesha umande, weka glasi ya maji ya barafu mezani, nje, kivulini. Ikitoka jasho papo hapo na kulowesha meza, ni siku nzito. Ikibaki kavu, ni gharbi.

Safu ya mwisho ni saa ya upepo wa bahari. Siku ya kawaida hufika kati ya saa nne na saa sita mchana, kwa hiyo pwani mara nyingi joto hufikia kilele kabla ya adhuhuri kisha likarudi nyuma. Siku ya gharbi upepo wa bahari huzuiwa ukafika alasiri, au usifike kabisa. Ukiona utabiri wa saa kwa saa unaonyesha upepo haugeuki hadi jua kuzama, siku hiyo iandikie duara.

Hatua ya 4: Siku tatu kabla, tengeneza nyumba

Kiyoyozi kwanza, au esi kama tunavyoiita hapa. Toa kichujio ukioshe kwa maji, kikauke, ukirudishe. Ni kazi ya robo saa na haihitaji fundi. Sehemu ya nje ya mashine itazame kama haikuzibwa na vumbi au nguo zilizoanikwa. Kama kinapuliza bila kupoza, mpigie fundi leo. Mwaka mmoja nilingoja hadi wimbi limeshaingia. Fundi aliniambia "kesho inshallah" siku sita, na siku ya saba wimbi likaondoka lenyewe kabla yake.

Usikitegeshe 18. Hakipozi haraka zaidi kwa kuwekewa namba ndogo, kinafanya kazi bila kupumzika tu, na usiku wa 34 ndipo kinapokufa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 27 pamoja na feni. Najua 27 inasikika kama matusi. Jaribu na feni ikiwaka ndipo useme.

Feni peke yake ina mpaka wake. Shirika hilohilo linaonya kwamba hewa ikipita nyuzi 40, feni inakupasha moto badala ya kukupoza. Siku ya gharbi, feni bila maji usiitumie. Lowesha kanga, jifunike, ndipo uiwashe. Mtungi wa udongo na ile mitungi ya Kiomani inayoning'inizwa, jahla, hufanya kazi ajabu siku kavu. Feni za maji zinazouzwa Ruwi nazo ni hivyohivyo: siku ya gharbi ni neema, siku ya umande wa 29 zinakugeuzia chumba hamamu.

Madirisha. Funga, ushushe pazia upande wa jua tangu saa moja asubuhi, na usiku usifungue mpaka umehakikisha nje ni baridi kuliko ndani. Kwetu tumezoea kufungua jua likizama. Hapa, usiku wa gharbi, kufungua dirisha ni kumkaribisha mwizi chai.

Maji ya kuoga ni kisa chake peke yake. Matangi yako juu ya paa, na ikifika Juni bomba la "baridi" linatoa maji ya kuchomea kuku. Ujanja wa wenyeji ni huu: zima hita ya bafuni kwenye swichi yake kuanzia Mei. Hita iko ndani, kivulini, imefunikwa. Maji yaliyomo hupoa hadi joto la chumba. Kisha oga kwa kufungua bomba la maji ya moto. Mgeni wangu mmoja alinidhania nimepungukiwa nilipomwambia fungua jekundu. Ila tangi la hita ni dogo, likiisha yanafuata ya paani, kwa hiyo wa kwanza kuoga awe na adabu. Jaza na ndoo mbili alfajiri uziweke ndani. Maji ya hita si ya kunywa.

Kisha jiandae kwa umeme kukatika. Hukatika mara chache, lakini Septemba 5, 2022 ulikatika sehemu kubwa ya nchi mchana kweupe. Gandisha chupa za maji, usizijaze hadi juu. Chaji simu. Chagua tangu sasa chumba kimoja, cha chini na cha upande wa kaskazini, ambamo nyumba nzima mtalala. Mwenye kutumia insulini aihifadhi isipite nyuzi 30. Friji ikizimika, mtungi wa udongo uliolowa kwenye hewa kavu unasaidia.

Hatua ya 5: Pigia watu simu

Hii ifanye siku mbili kabla, usingoje siku yenyewe. Kila ukoo wetu hapa una bibi anayeishi na mjukuu anayeshinda kazini, naye huzima esi mjukuu akitoka kwa sababu "umeme ghali, na mimi peke yangu nahitaji nini". Usimwulize kama ana joto, atakwambia alhamdulillah. Mwulize jana usiku alilala saa ngapi, amekwenda haja ndogo mara ngapi tangu asubuhi, na mkojo una rangi gani. Bi mkubwa atakutukana, lakini umeshapata jibu. Wazee hawasikii kiu vizuri, na wengi wanakunywa vidonge vya presha vinavyotoa maji mwilini. Dawa hizo asiache kwa amri yako. Mpeleke kwa daktari kabla ya wimbi, daktari aulizwe kuhusu kiasi cha dawa.

Watoto na gari: gari lililofungwa juani hupanda takriban nyuzi 22 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya hizo hupanda nusu saa ya kwanza. Nakwenda dukani dakika tano tu, hapana. Mtoto anashuka na wewe.

Hatua ya 6: Panga kazi

Sheria ya kazi Oman inakataza kazi za juani kuanzia Juni 1 hadi Agosti 31, kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu alasiri. Angalia tarehe vizuri. Mei haimo. Wimbi la Mei 2017 lilikuja sheria ikiwa bado imelala. Kwa hiyo wimbi la mapema linataka mazungumzo na msimamizi wako, na karatasi yako ya safu tano ndiyo itakayokusemea: mwonyeshe siku zenye duara, umwombe muanze saa kumi na moja alfajiri na kumaliza saa tano.

Uliyefika juzi una hatari kuliko mwenye miaka kumi, hata kama yeye ni mzee na wewe una misuli. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Wataalamu wa usalama kazini hushauri mgeni siku ya kwanza afanye sehemu moja ya tano ya kazi, aongeze sehemu moja ya tano kila siku. Ukipanda ndege wiki ya wimbi, mwombe mwajiri siku hizo. Akikataa, angalau usijionyeshe.

Maji: kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, usingoje kiu, na usizidishe lita moja na nusu kwa saa, kwa sababu maji matupu mengi nayo huosha chumvi mwilini. Laban ya Kiomani yenye chumvi ni kinywaji kizuri sana kwa hili kuliko soda yoyote. Madafu ya Salalah yapo pia, ukiwa na mfuko.

Wikiendi wengi hukimbilia mlima wa Jebel Akhdar. Uwanda wa Saiq uko karibu mita 2,000 na hupishana na pwani kwa nyuzi kumi na zaidi. Polisi wa Birkat al-Mawz, pale njia ya mlimani inapoanzia, hawakupitishi bila gari la magurudumu manne yanayovuta, basi usifike pale na taksi ukaanza kulalamika juani.

Hatua ya 7: Dalili, na la kufanya

Kichefuchefu, kichwa kugonga, misuli kukaza, jasho jingi na ngozi baridi: huyu kachoka na joto. Mtoe juani, mlegeze nguo, mloweshe, mpe kidogokidogo maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Nusu saa akiwa hajapata nafuu, hospitali.

Akianza kuropoka, kuyumba, kutojua yuko wapi, au akizimia, huyo ana kiharusi cha joto, ngozi iwe kavu au imelowa. Usingoje kuona kama jasho limekatika. Piga 9999, na wakati mwenzako anapiga, wewe mpoze: mwagia maji mwili mzima, pepea, weka zile chupa zilizogandishwa shingoni, makwapani na kwenye mapaja kwa ndani. Usimnyweshe kitu akiwa hana fahamu kamili. Panadol haisaidii hapa. Kila dakika ya kumpoza mahali hapohapo ina thamani kuliko kumbeba akiwa moto kwenye gari.

Anayekwenda Hija miaka hii ambayo imeangukia Mei na Juni aichukue hatua hii kwa uzito wa peke yake. Juni 17, 2024 Makka ilifika 51.8, na Saudi Arabia yenyewe ilitangaza vifo 1,301 vya msimu ule, wengi wakiwa wametembea mbali juani bila kivuli.

Hatua ya 8: Wimbi likiondoka

Utalijua kwa vioo. Asubuhi moja utaamka ukute madirisha yamelowa kwa nje kama yaliyooshwa, miwani inafunga ukungu ukitoka mlangoni, na upepo una harufu ya chumvi. Mchana utaandikwa 37. Gharbi imekwisha, umande umerudi.

Usirudi kazini kwa kasi siku hiyo. Mimi hungoja usiku mbili mfululizo zenye 31 au chini yake ndipo narudisha saa zangu za kawaida. Feni ya maji naifunga stoo, mtungi naugeuza ukauke. Karatasi naibandika upya jikoni, ila kalamu nyekundu sasa naihamishia safu ya umande, na hapo inakaa hadi Septemba.